Sanduku la bundi kwa mbao za paleti: anza na kina

Hapa Morogoro mimi ni seremala wa mbao zilizokwisha kutumika, na kati ya vitu ninavyotengeneza, hakuna ninachokipenda kama sanduku la kutagia la bundi. Mteja akija na mchoro, mara nyingi amelichora kwa nje: paa, tundu, rangi mbili tatu. Mimi namuuliza kwanza: kutoka kwenye tundu hadi sakafuni ni sentimita ngapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama makinda watapona.

Bundi ninayemsema ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, Tyto alba. Huyu hajengi kiota. Porini hutaga ndani ya mti wenye uvungu, au huhamia lile rundo kubwa la vijiti ambalo ndege aitwaye fundichuma amelijenga na kuliacha. Mjini huingia darini. Jike hutaga mayai manne hadi saba hivi, kila moja kwa kupishana siku mbili au tatu, na huanza kuyalalia tangu yai la kwanza. Kwa hiyo ndani ya sanduku moja kuna kinda anayekaribia kuota manyoya na mwingine aliyetotolewa juzi. Watakaa humo takriban miezi miwili. Kila mzazi anapotua na panya, wakubwa wanakimbilia mlangoni, na sakafu nayo inazidi kupanda kwa matonge ya manyoya na mifupa wanayocheua. Tundu likiwa karibu na sakafu, mmoja atasukumwa nje kabla mabawa hayajakomaa, na kinda aliyeanguka chini mara nyingi wazazi hawamlishi tena.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza kwangu ni sentimita 45 kutoka ukingo wa chini wa tundu hadi sakafuni, na hicho sikipunguzi hata mbao zikiwa chache. Tundu lenyewe ni mraba wa sentimita 13 hivi.

Sasa tazama jinsi paleti ya Ulaya, lile jukwaa la mbao la kubebea mizigo, inavyokubaliana na vipimo hivyo. Ina urefu wa sentimita 120 na upana wa 80. Mbao zake ndefu zina unene wa milimita 22. Nne kati yake zina upana wa sentimita 14.5, na nne nyingine zina upana wa 10. Ukikata ubao mmoja katikati unapata vipande viwili vya sentimita 60. Visimamishe vinne vipana kando kwa kando, na ukuta wa mbele umekwisha. Sakafu ikikaa ndani inakula sentimita 2.2, zinabaki 58 kasoro kidogo: 45 za kina na karibu 13 za tundu. Huna haja ya kutoboa kitu. Kwenye mbao mbili za katikati, kata kila moja pengo la upana wa sentimita 6.5 na urefu wa karibu 13 kwenye kona ya juu, kona mbili zinazotazamana, na paa litalifunga tundu kwa juu. Ukuta wa nyuma nao ni vipande vinne, ila ufupishe kwa sentimita 5 ili paa liinamie nyuma na maji yasichuruzike mlangoni. Kila ubavu ni vipande vitatu, na juu uvikate mshazari kufuata mteremko huo. Zile mbao za sentimita 10 zinatosha kwa sakafu na paa. Paleti mbili, sanduku moja. Paleti yako ikiwa ya vipimo vingine, shikilia 45, mengine yote unaweza kuyarekebisha.

Misumari ya paleti usiing'oe kwa nguvu. Imesokotwa, nayo hupasua ubao mkavu. Ingiza jino la msumeno wa chuma kati ya ubao na kipande cha mhimili, ukate misumari hapo hapo. Vichwa vikibaki ndani ya ubao havina madhara. Nyufa kati ya mbao zizibe kwa papi upande wa nje. Ndani usipige randa wala msasa, kwa sababu kucha za makinda zinahitaji mahali pa kushika. Toboa matundu madogo kwenye kona za sakafu ili unyevu utoke, na juu ya mbavu acha mwanya mwembamba wa hewa.

Kabla ya yote hayo, soma muhuri wa paleti. Ukiona suke la ngano na herufi HT, mbao zilipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 au zaidi. Hizo ni salama. MB maana yake zilifukizwa gesi ya methili bromaidi, nami sizitumii kwa kiumbe chochote. Mbao zenye madoa ya mafuta au kemikali, nguzo zilizotiwa dawa zenye rangi ya kijani, na milango ya zamani ambayo rangi yake huenda ina madini ya risasi, vyote viache. Rangi ukipenda paka ya maji, kwa nje tu. Bati chakavu juu ya paa ni zuri, mradi uliinue kwa vijiti ili hewa ipite chini yake. Bati lililogusana na mbao huligeuza sanduku kuwa tanuri.

Mbele ya tundu weka kibaraza chenye ukingo. Kwa ndege wadogo kijiti cha mbele hakina kazi, lakini makinda wa bundi hutoka kupigapiga mabawa kwa siku nyingi kabla ya kuruka.

Kuna jambo la nyuki ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji vya kutosha. Sanduku tupu huku kwetu ni mzinga unaosubiri wenyewe. Kamwe usitumie mbao za mzinga wa zamani, maana harufu ya nta inaliita kundi. Mimi hupaka sabuni ya mche kavu upande wa ndani wa paa ili masega yasishike vizuri. Nyuki wakiingia, mwite mfugaji wa nyuki aje usiku.

Litundike mita 4 au zaidi juu, tundu likitazama shamba wazi. Upande gani? Simama shambani wakati wa masika uone shina la mti linalowa wapi, kisha geuza tundu upande mkavu. Kwenye nguzo zungusha bati pana ili kanu na nyoka wasipande. Na kabla ya kupanda ngazi, zungumza na majirani. Wengi wamekua wakiambiwa kwamba bundi akilia juu ya nyumba kuna msiba unakuja, na hofu hiyo huishia kwa mawe na kuchomwa moto. Waeleze kwamba sanduku linampa bundi makao shambani, mbali na madari yao. Mtu hulielewa hilo haraka kuliko hotuba ya mazingira.

Sisemi bundi atamaliza panya. Panya shamba wetu, Mastomys natalensis, jike lake lina chuchu hadi 24, na baada ya mvua nyingi huongezeka kuliko uwezo wa bundi yeyote. Lakini jozi yenye makinda huwinda kila usiku, kwenye mashamba ambayo paka wako hayafikii. Ila ukiweka sanduku, acha sumu ya panya. Bundi akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa, na makinda wake vilevile.

Ubavu mmoja ufunge kwa bawaba ili uweze kusafisha. Fanya hivyo wakati hakuna mayai wala makinda, ukiwa umefunika pua na mdomo kwa sababu ya vumbi la kinyesi. Matonge machache yaloweke kwenye maji, uyachambue kwa kijiti: mafuvu yatakuonyesha kama bundi wako anakula panya wa shamba, popo au ndege wadogo.