Kunakili binadamu: marufuku ya dunia nzima haipo

Tangu kondoo Dolly, aliyenakiliwa kutoka seli ya kondoo mwingine, azaliwe Scotland tarehe 5 Julai 1996, wengi huamini kwamba kuzalisha mtu kwa kunakili, yaani mwenye jeni sawa na za mtu mwingine, kumepigwa marufuku duniani kote. Si kweli. Tamko la Umoja wa Mataifa la Machi 2005, lililozitaka nchi zikataze kunakili binadamu, lilipita kwa kura 84 dhidi ya 34, nchi 37 zikajizuia kupiga kura, na kisheria halimfungi yeyote. Uingereza ilitunga sheria yake ya marufuku mwaka 2001. Marekani je? Hakuna sheria ya shirikisho inayokataza tendo lenyewe. Kinachozuiwa ni fedha za serikali kuu kugharimia utafiti unaoharibu viinitete (mimba katika hatua zake za mwanzo kabisa). Baadhi ya majimbo, California mojawapo, yamejiwekea marufuku yao.

Kizuizi kikubwa kiko maabara. Kiini cha yai la jike, yaani sehemu yenye jeni, hutolewa, seli ya mwili huwekwa mahali pake, kisha mshtuko mdogo wa umeme huviunganisha. Kwa Dolly, mayai 277 yaliyounganishwa yalitoa viinitete 29 vya kupandikiza, na mwanakondoo mmoja tu. Kwa kima wa China waliotangazwa 2018, viinitete 79 vilipandikizwa kwa majike 21: mimba 6, watoto 2. Seli ya mwili huja na alama zilizozima baadhi ya jeni, na yai lina muda mfupi mno wa kuzifuta. Zikibaki, kondo la nyuma halikui sawasawa na mimba hutoka. Kwa ng'ombe na kondoo, ndama au mwanakondoo huweza kuzaliwa mkubwa kupita kiasi, akihema kwa shida. Hapo ndipo madaktari husema hapana, hata pale sheria iliponyamaza.