Je, wajua kwa nini askari huzirai gwaridani akiwa amesimama tu?

Huenda umewahi kuliona jambo hili: kijana mwenye afya, kasimama wima kwenye gwaride, mara anapepesuka na kwenda chini kama gogo. Hakukimbia wala hakubeba mzigo. Watu husema ni jua, na kweli joto huchangia. Lakini sababu kubwa iko nyuma ya mguu, chini ya goti, kwenye ile minofu tuiitayo shavu la mguu.

Kutoka unyayoni hadi moyoni ni zaidi ya mita moja ya kupanda, na damu ikishafika kwenye vena za mguu, yaani mishipa inayoirudisha moyoni, msukumo wa moyo umebaki kidogo sana. Mtu anaposimama, nusu lita ya damu au zaidi huhamia sehemu za chini za mwili. Hapo moyo huhitaji msaidizi.

Msaidizi huyo ni misuli miwili. Wa nje, ule unaotuna ukisimama kwa ncha za vidole, ni gastroknemio; una vichwa viwili vilivyojishikiza kwenye mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Chini yake umelala soleo, mpana na bapa, unaoanzia kwenye mifupa ya mguu chini ya goti. Yote miwili huungana kwenye kano ya Achilles, iliyo nene kuliko kano zote za mwili, nayo hushika mfupa wa kisigino. Ukikunja goti, gastroknemio hulegea na kazi kubwa ya kuinua kisigino humwelemea mwenzake.

Kwangu mimi, soleo ndio unaostahili sifa zaidi, ingawa hauonekani. Tunaposimama, uzito wa mwili huangukia mbele kidogo ya kifundo cha mguu, kwa hiyo bila kitu cha kutuvuta nyuma tungeanguka kifudifudi. Soleo hufanya kazi hiyo saa nzima bila kulalamika, kwa kuwa nyuzi zake nyingi ni za aina inayojikaza polepole na isiyochoka upesi. Isitoshe, ndani yake mna vena pana zinazojaa damu. Kila unapopiga hatua msuli hujikaza na kuzikamua, damu ikapanda. Ukilegea, zinajaa tena.

Kwa nini damu isirudi chini? Ndani ya vena mna vali, yaani vilango vidogo. Fabricius, mwalimu wa anatomia huko Padua, Italia, alizichora kwenye kitabu chake cha mwaka 1603, ila alidhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu inayoteremka. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, ndiye aliyeonyesha mwaka 1628 kwamba vali hizo huiruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni.

Tofauti inayoletwa na pampu hii ya misuli hupimika. Mtu akisimama tuli, shinikizo kwenye vena za kifundo hufika kama milimita 90 za zebaki. Akitembea hatua chache tu, hushuka hadi kati ya 20 na 30.

Sasa mrudie askari wetu. Soleo wake umejikaza kidogo kumshikilia wima, lakini haujikazi na kulegea kwa zamu, na pampu haifanyi kazi bila yote mawili. Damu inatuama miguuni, moyo unapata kidogo cha kusukuma, ubongo unapungukiwa, macho yanaingia giza.

Wazoefu wa gwaride huchezesha vidole ndani ya buti, na wana haki. Weka kiganja mbele ya muundi kisha inua vidole vya mguu: utahisi misuli ikicheza huko juu, mbali na vidole vyenyewe. Misuli mingi inayovikunja na kuvinyoosha vidole imekaa mguuni, chini ya goti, ikivivuta kwa kano ndefu zinazopita kifundoni. Kwa hiyo anayekunja na kukunjua vidole anaikamua miguu yake bila mkaguzi kuona.

Na akianguka, msimwinue haraka kumsimamisha. Mlazeni chali, miguu ikiwa juu kidogo. Akishalala, damu haina tena mlima wa kupanda, ndiyo maana wengi huzinduka ndani ya dakika moja tu.