Maswali na majibu: usalama wa chakula kiwandani unapimwaje?

Nimeulizwa haya na vijana wanaosindika maziwa na samaki hapa Tanga.

Swali: Kiwanda chetu kina alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Huo utamaduni wa usalama wa chakula ni nini tena?

Jibu: Ni yale mnayoyafanya saa nane usiku, mkaguzi hayupo na bosi amelala. Codex Alimentarius, kanuni za chakula za FAO na Shirika la Afya Duniani, ziliuingiza kwenye misingi ya usafi mwaka 2020, na zinaanza na wakubwa: wao ndio wa kwanza kuwajibika.

Swali: Sasa utaupimaje? Hauna kipimo kama laktomita ya maziwa.

Jibu: Mimi huanza na daftari la joto la chumba cha baridi. Kuna mahali nilifungua nikakuta nyuzi 4, 4, 4, wiki nzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata Jumapili ambayo umeme ulikatika tangu asubuhi hadi magharibi. Hapo kipimajoto ni kizima. Watu ndio wanaogopa kuandika 11. Daftari ninaloliamini lina namba zinazopanda na kushuka, na pembeni pameandikwa: "tumemwaga lita 40."

Kisha namtafuta kibarua, simtafuti meneja. Namuuliza: mara ya mwisho uliposema maziwa yamepata joto, ikawaje? Akijibu kwamba alikatwa siku yake, nimeshapata jibu langu. Namuuliza pia, ukiharisha ukabaki nyumbani, unalipwa? Asiyelipwa atakuja kazini tu, na mikono ile ile itashika chakula cha watu.

Swali: Si tunachemsha lakini?

Jibu: Nyuzi 72 kwa sekunde 15 huua vijidudu vya maradhi kwenye maziwa. Ila kuna bakteria, stafilokokasi, ambao maziwa yakikaa na joto huacha sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Samaki ni vivyo hivyo: vibua au jodari waliokaa bila barafu hujaa histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hata ukiwakaanga wakauka, mlaji atawashwa mwili na kuumwa kichwa.

Swali: Mimi ni kibarua tu, nianzie wapi?

Jibu: Andika namba unayoiona, hata kama ni mbaya. Na wewe msimamizi, ukiletewa namba hiyo, mshukuru kijana mbele ya wenzake siku hiyo hiyo, kisha yamwageni hayo maziwa.