Wimbi Lilisafiri kwa Saa Nane, Tahadhari Haikufika

Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 9.1. Haikupita zaidi ya robo saa hivi kabla wataalamu wa kituo cha Hawaii cha tahadhari ya tsunami, yaani mawimbi makubwa yanayosababishwa na tetemeko chini ya bahari, hawajaligundua na kutoa taarifa ya kwanza. Lakini kituo chao kilihudumia Bahari ya Pasifiki. Kwa Bahari ya Hindi hapakuwa na mfumo wowote, wala orodha ya watu wa kupigiwa simu. Saa mbili baadaye setilaiti ya Jason-1, ya Ufaransa na Marekani, ilipita juu na kupima wimbi la kimo cha kama sentimita 60 tu katikati ya kilindi, kwani tsunami hukua inapokaribia pwani. Vipimo vyake vilikuja kuchambuliwa saa nyingi baadaye, watu wameshakufa.

Kwetu wimbi lilifika mchana, baada ya safari ya zaidi ya saa nane. Somalia ilipoteza karibu watu 300, na mji mdogo wa Hafun ukaharibiwa vibaya. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao waogeleaji waliokwenda kupumzika siku ya pili ya Krismasi. Kenya, ambako polisi waliwaondoa watu ufukweni baada ya habari za Asia kusikika, alikufa mmoja. Habari tu, tena iliyopatikana kupitia vyombo vya habari, iliokoa maisha. Tulisaidiwa pia na maji kupwa. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, mwezi mpevu, ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na mawimbi yalianza kufika maji yakiwa bado hayajajaa. Yangetukuta maji yamejaa, hesabu ya vifo ingekuwa nyingine kabisa.

Watu wa pwani wanahitaji kulielewa jambo moja kwa undani. Mtu wa Aceh, kaskazini mwa Sumatra, akitikiswa na ardhi kwa dakika kadhaa, mtikisiko wenyewe umeshamwambia akimbilie mlimani. Mtu wa Kilwa au Lamu hasikii chochote. Tetemeko la Sumatra liko mbali mno kwake, kwa hiyo dalili ya kwanza kabisa ananyimwa. Anabaki kutegemea vipimo vya watu wengine, walio nchi nyingine. Ndiyo maana kwa nchi kama yetu ushirikiano wa kisayansi si suala la heshima za kidiplomasia. Bila huo hatuna macho.

Mwaka 2005 nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi zilikubaliana, chini ya UNESCO, kujenga mfumo wa pamoja. Kwa muda Hawaii na Japani zilishika zamu. Tangu Oktoba 2011 kazi hiyo inafanywa na vituo vya Indonesia, India na Australia. Vyote vitatu huchambua tetemeko lilelile, kila kimoja kwa hesabu zake, kisha hutuma matokeo kwa nchi zote wanachama. Havimwamuru mtu yeyote kuhama. Uamuzi wa kutangaza hatari ni wa nchi yenyewe, na kwa Tanzania jukumu hilo liko kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Aprili 2012 mfumo ulipata mtihani wake wa kwanza mkubwa, pale tetemeko la 8.6 lilipotokea upande uleule wa Sumatra. Tahadhari zilienea baharini kote. Tsunami yenyewe ilikuwa ndogo, kwa kuwa miamba iliteleza kwa ubavu badala ya kuinuka.

Nasi tuna mchango wetu. Vipimio vya kina cha maji vilivyofungwa bandarini, kama cha Zanzibar na cha Mombasa, husoma kupwa na kujaa kwa bahari na kupeleka takwimu kwa wote. Kimoja kikinyamaza kwa sababu ya betri au mtambo wa kurushia, anayepoteza si sisi peke yetu. Mtaalamu wa Hyderabad, kilipo kituo cha India, naye hukosa uthibitisho kwamba wimbi aliloliona kwenye kompyuta lipo kweli. Matengenezo ya mashine hizo hayavutii wapiga picha, na mara nyingi bajeti yake ndiyo hukatwa mwanzo. Naliona hilo kuwa kosa kubwa.

Wapo wanaosema 2004 ilikuwa ya bahati mbaya, haitajirudia. Majibu yako Pangani, kwenye pwani ya Tanzania. Elinaza Mjema, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuta huko mifupa ya watu wa makazi ya kale isiyo na dalili za mazishi ya kawaida. Akaungana na wanajiolojia wa nje, akiwemo Vittorio Maselli, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Walisoma tabaka za udongo na kupima umri wake. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanaonyesha kwamba miaka kama 1,000 iliyopita tsunami iliwafunika watu hao pamoja na vyombo vyao. Mchanga ulioletwa na tsunami, wa umri unaokaribiana na huo, umeonekana pia upande wa pili wa bahari. Mwanaakiolojia peke yake angebaki na mifupa, na mwanajiolojia peke yake angebaki na mchanga.

Sehemu iliyobaki hakuna mgeni anayeweza kutufanyia: kuitoa taarifa ofisini hadi kwa nahodha aliye majini na mama anayelima mwani. Mazoezi ya pamoja ya nchi za Bahari ya Hindi, kama lile la Oktoba 2023, hupima hasa njia hiyo. Redio za jamii, masheha, wenyeviti wa vijiji, vikundi vya wavuvi na vipaza sauti vya misikiti viwe vimeandikwa kwenye mpango kabla ya siku yenyewe, kila mmoja akijua nani anampigia nani usiku wa manane.

Nawe ukiwa ufukweni ukaona bahari imerudi nyuma ghafla wakati si wa maji kupwa, usiende kuokota samaki. Panda sehemu ya juu mara moja, waite na wengine. Aliye kwenye chombo kilindini abaki huko huko, asikimbilie bandarini. Wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa, na yanayofuata yanaweza kuendelea kuja kwa saa nyingi, hivyo usishuke mpaka mamlaka zitangaze kuwa hatari imekwisha.