Acheni kuwarundikia watoto mitihani ya AP

"Mwalimu, wa jirani amefikisha AP kumi na moja, wangu ana saba. Tumwongezee zipi kabla ya usajili kufungwa Novemba?"

Swali hili kuhusu AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari za Marekani, kila moja na mtihani wake) hunijia kila msimu, na safari hii limenifika kooni. Mzazi aliyeuliza anataka mwanawe aingie Yale au Stanford, na yuko tayari kulipa chochote. Namjibu yeye pamoja na wote wenye fikra hiyo: katika ofisi za udahili za vyuo hivyo hakuna mtu anayekaa kujumlisha mitihani ya AP.

Najua imani hii imetoka wapi. Sisi tuliosoma Kenya na Tanzania tumelelewa na pointi. KCSE ilikupa gredi, gredi zikageuzwa pointi, pointi zikakupangia kozi. Kidato cha sita vivyo hivyo: PCB yako (Fizikia, Kemia na Biolojia) na ufaulu wako ndivyo vilivyoamua kama utasomea udaktari au la. Mwenye pointi aliingia, aliyepungukiwa alibaki nje. Mzazi akifika Dallas au Minneapolis, akaona mtihani unaosahihishwa kwa alama 1 hadi 5, anadhani mambo ni yaleyale. Siyo. Vyuo teule vya Marekani, vile vinavyopokea wachache tu, husoma faili zima la mwombaji, na msomaji wa faili anataka kwanza kujua shule ilimpa mtoto nafasi gani na mtoto alizitumiaje.

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanaponichosha. Darasa la AP na mtihani wa AP ni vitu viwili. Darasa linaingia kwenye transkripti, yaani rekodi ya masomo na gredi zake za sekondari, lina gredi ya mwaka mzima, na mwalimu wake anaweza kumwandikia mtoto barua ya kumpendekeza. Mtihani ni wa saa chache mwezi Mei, alama hutoka Julai, na vyuo vingi humwachia mwombaji aamue kuzitaja au kutozitaja. Tena mtihani wa darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, haumwingizi mtu katika vyuo hivyo. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu yanakuwa yametoka kufikia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, na mtihani wenyewe unafanywa Mei! Bado kila mwaka nakutana na mzazi aliyemlipia mtoto wa darasa la 12 mitihani mitano akiamini inamsogeza karibu na Princeton. Inaweza kumpunguzia masomo au ada huko aendako, sawa, lakini hilo ni suala la krediti, yaani kuhesabiwa somo la chuo kama limeshasomwa, na hata krediti hazitolewi kila mahali. Caltech haitoi, na Dartmouth iliacha zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Tazama sasa kinachosomwa. Kaunsela, mshauri wa wanafunzi shuleni, anapotuma transkripti huambatisha maelezo ya shule, karatasi moja au mbili: shule inafundisha AP zipi, nani anaruhusiwa kuzichukua na kuanzia darasa gani, wahitimu wake huenda wapi. Halafu kwenye Common App, fomu ya pamoja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, kuna swali ambalo wazazi wengi hawajawahi kuliona kwa sababu hujazwa na kaunsela peke yake. Linauliza, ukimlinganisha na wenzake wa shule hiyohiyo wanaojiandaa kwenda chuo, masomo aliyochagua mwanafunzi huyu ni mazito kiasi gani? Visanduku vinapanda ngazi kwa ngazi hadi cha juu kabisa. Shule ikiwa na AP nne na mtoto akazichukua zote nne, kaunsela anatia alama kisanduku cha juu bila kusita. Shule ikiwa nazo ishirini na tano, mtoto wa AP nne hakipati. Ukiniuliza AP ngapi zinatosha bila kunitajia shule, sina jibu la kukupa.

Mwanafunzi wa Ilboru au Alliance hana AP hata moja kwa sababu shule yake haifundishi AP, na hakuna afisa wa udahili anayemdai. Mwaka 2018 shule nane za binafsi za eneo la Washington, Sidwell Friends ikiwemo, zilitangaza kwamba zitaachana na AP. Wazazi wa shule hizo wanavitaka vyuo hivihivi unavyovitaka wewe. Nacho Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kilipochunguza wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, kilikuta kwamba waliokuwa wamechukua hadi kama kozi tano za kiwango cha chuo walifanya vizuri zaidi, na kwamba kupita hapo kozi za ziada hazikubadilisha kitu.

Kinachoniuma ni kile mtoto anachoacha ili kurundika. Nilikuwa na kijana aliyejisajili kwa mitihani mitatu ambayo shule haikumfundisha: Saikolojia, Sayansi ya Mazingira na Jiografia ya Binadamu. Alisoma usiku kwa vitabu vya mazoezi akapata 4, 4 na 3. Muhula huohuo gredi yake ya kalkulasi ilishuka kutoka A hadi C, na C hiyo imekaa kwenye transkripti ambayo kila chuo kitaifungua. Aliacha pia kazi yake ya Jumamosi ya kuwatafsiria akina mama wa Kikongo waliokuwa ndio kwanza wamefika, kuwajazia fomu za shule na kuwapigia simu za miadi. Angeandika insha juu ya kazi hiyo ambayo hakuna mwombaji mwingine angeweza kuiandika. Badala yake aliandika juu ya kupenda kujifunza.

Sasa nikiri shaka ambayo sisi washauri huwa tunaifunika kwa maneno matamu. Katika shule kubwa zenye ushindani, wanaopokelewa vyuo teule mara nyingi wana AP nane, kumi au zaidi. Je, wingi ndio uliowaingiza, au ni wale watoto ambao wangeingia hata wangekuwa na sita? Ukiwa nje ya chumba cha uamuzi huwezi kuvitenganisha hivi viwili, na anayekwambia kwa uhakika anabahatisha. Ndiyo maana pale ambapo kumi bora wote wana AP kumi, sithubutu kumwambia mtoto aishie nne. Namwambia awe karibu na wenzake katika hisabati, sayansi, Kiingereza, historia na lugha, na hizo za kujazia awaachie wengine.

Kuna mahali hesabu ina uzito kweli. Texas ina sheria tangu 1997 inayowapa nafasi katika vyuo vya umma wahitimu walio katika asilimia 10 ya juu shuleni kwao. Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kimebana hadi asilimia 5 kwa watakaoanza 2026. Wilaya nyingi za shule huko huipa gredi ya AP uzito zaidi, kwa hiyo madarasa mengi ya AP humpandisha mtoto nafasi. Nimesema madarasa, kwa sababu alama ya Mei haiingii katika hesabu hiyo. Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza, kwa anayetoka mfumo wa Marekani, kwa kawaida huomba AP tano zenye alama 5. Na Yale, ilipotangaza mwaka 2024 kwamba mwombaji anaweza kutumia AP badala ya SAT, ule mtihani wa jumla wa kuombea vyuo, ilitaka anayechagua njia hiyo aonyeshe matokeo ya mitihani yote ya AP aliyokwisha kufanya. Mtoto mwenye 5 nne na 2 mbili za mitihani ya kujisomea usiku anazipeleka zote sita.

Kwa hiyo kabla hujalipia mtihani mwingine, mwombe kaunsela ile karatasi ya maelezo ya shule. Shule nyingi huiweka wazi kwenye tovuti. Isome ukiwa na transkripti ya mwanao mkononi, kisha nipigie tuzungumze.