Je, wajua kwa nini magari ya deraya, yaani magari ya vita yenye kinga ya chuma, yalilinda barabara katika vita vya msituni vya Vietnam?

Mtu akitajiwa vita vya msituni hufikiria askari wa miguu wakipenya vichakani, wala hafikirii magari ya chuma yenye uzito wa zaidi ya tani 10 yakinguruma barabarani. Wakuu wengi wa jeshi la Marekani nao waliamini hivyo mwaka 1965, majeshi yao yalipoanza kuingia Vietnam ya Kusini kwa wingi kuisaidia serikali yake dhidi ya waasi wa Kikomunisti. Walikumbuka yaliyowapata Wafaransa mwezi Juni 1954, pale kikosi chao kikubwa kilichoitwa Groupement Mobile 100 kilipoviziwa na kusambaratishwa na Viet Minh, wapiganaji wa Kivietnamu waliopinga utawala wao, kwenye Barabara Namba 19, katika nyanda za juu za kati. Walichosahau ni kwamba wengi wa askari wa kikosi kile walikuwa wa miguu, waliobebwa na malori yasiyo na kinga yoyote. Deraya ililaumiwa kwa kosa lisilokuwa lake.

Septemba 1966 iliwasili Rejimenti ya 11 ya Wapanda Farasi wa Deraya ya Marekani, ambayo iliundwa mwaka 1901 ikiwa na farasi hasa na ikaendelea kubeba picha ya farasi mweusi kwenye nembo yake. Kambi yake ilijengwa karibu na Xuan Loc, mashariki ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam ya Kusini, na moja ya kazi zake za mwanzo, katika operesheni iliyopewa jina la Atlanta, ilikuwa kufungua Barabara Namba 1 na kuilinda. Mafuta, risasi na chakula vilipita hapo, lakini haikuwa hayo tu. Serikali isiyoweza kusafiri mchana kwenye barabara yake kuu, ambayo wakulima wake wanasimamishwa na waasi na kutozwa kodi wakielekea sokoni, haiwezi kumshawishi mwananchi yeyote kwamba inatawala. Kwa sababu hiyo barabara yenyewe ndiyo iliyogombewa.

Chombo kikuu cha kazi hiyo kilikuwa M113, gari la minyororo lenye bodi ya alumini, lililobuniwa kuwafikisha askari vitani ili washuke na kupigana kwa miguu. Wavietnamu wa Kusini ndio waliotangulia kupigana wakiwa juu yake, na walilipa gharama kubwa kwa somo hilo: huko Ap Bac, Januari 1963, wapiga rashasha wao waliuawa mmoja baada ya mwingine kwa kuwa vifua vyao vilikuwa wazi. Baadaye mafundi wao walitengeneza ngao za kuwakinga wapigaji, na baadhi ya chuma walichotumia kilitoka kwenye meli iliyozama. Wamarekani waliliendeleza wazo hilo, wakaongeza rashasha mbili za ubavuni, na gari la kubebea watu likawa gari la kupigana.

Mbinu ya ulinzi ilikuwa hii: msafara ukishambuliwa, magari ya deraya yaligeuka papo hapo, moja kulia na jingine kushoto, yakapangika kama miiba ya samaki, huku pua za bunduki zikitazama msituni pande zote mbili na katikati ikibaki njia ya malori kupita. Tarehe 21 Novemba 1966 wasindikizaji walielemewa na malori kadhaa yakateketea. Tarehe 2 Desemba, karibu na Suoi Cat, msafara mdogo uliokuwa ukirudi kutoka Gia Ray uliviziwa tena, na safari hii wenzao wa deraya walitoka mbio kuwasaidia bila kungoja amri ndefu, wakawakuta washambuliaji kabla hawajatawanyika. Kwa maoni yangu hapo ndipo siri ya deraya ilipo, yaani kumfanya mviziaji ajue kwamba dakika chache baada ya risasi yake ya kwanza, yeye ndiye atakayekuwa amezingirwa.

Waasi walilijibu jambo hilo kwa bomu la kutegwa ardhini. Bomu lilikuwa rahisi, halikuhitaji jeshi, na alumini ya M113 haikuweza kulizuia, hata askari wakaanza kusafiri wakiwa wamekaa juu ya gari na kutandika mifuko ya mchanga sakafuni. Kati ya Juni 1969 na Juni 1970 Rejimenti ya 11 ilikutana na mabomu zaidi ya 1,100, na takriban asilimia 60 tu ndiyo yaliyogunduliwa kabla ya kulipuka.

Kwa ajili hiyo matingatinga yalikwangua msitu kandokando ya barabara, ili pasiwepo pa kujificha. Usiku, kwenye Barabara Namba 13 iendayo Loc Ninh, vifaru na M113 vilipita kwa kasi vikimimina risasi gizani kila upande. Sifichi uchungu wangu juu ya mbinu hizi mbili. Huenda ziliokoa madereva, lakini mkulima aliyeishi karibu na barabara hakuulizwa juu ya miti wala juu ya usingizi wake, naye ndiye ambaye vita hivi vilidai kumlinda.

Giza likiingia misafara ilisimama. Kulipokucha, kabla ya lori la kwanza kuruhusiwa kuondoka, watafuta mabomu walishuka na vyombo vyao na kuanza kuikagua barabara upya, hatua kwa hatua, hata pale walipoikagua jana.