Viazi lishe na tui vinapatana. Kazi ipo kwenye marando

Swali ninaloulizwa zaidi na wakulima wa Pemba kuhusu viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, si la lishe hata kidogo. Huniuliza: "Bibi shamba, vimetiwa nini hata vikawa na rangi hiyo?"

Havikutiwa kitu. Rangi ya chungwa ni beta-karotini, ileile ya karoti na embe bivu, na mwili wenyewe huigeuza kuwa vitamini A. Watafiti walichukua viazi vyenye rangi hiyo kwa asili, wakavichavusha na vile vilivyozoea maradhi na ukame wa Afrika, kisha wakachagua kizazi baada ya kizazi. Kwa kazi hiyo Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low walipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis aliyepigania wazo la kuongeza lishe ndani ya mazao yenyewe tangu shambani. Kiazi cheupe tulichokizoea, kwa upande wa vitamini A, karibu hakina kitu. Cha rangi iliyokolea, gramu 125 tu, yaani kiazi kimoja kidogo, zinaweza kumtosha mtoto mdogo kwa siku nzima.

Mama wengine huniambia watoto wao wameshapewa matone. Ni kweli, na waendelee kuyapokea: watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini A mara mbili kwa mwaka. Lakini baina ya duru moja na nyingine mna miezi sita ya kula, na mama mjamzito hayumo katika duru hizo. Wala hakuna hofu ya kuzidisha kwa kuchanganya matone na viazi, kwa sababu mwili hugeuza beta-karotini kwa kadiri unavyohitaji.

Pemba tuna sababu yetu ya kuangalia kirutubishi kinaingia mwilini kwa njia gani. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa kisiwani, ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, uliwapa watoto wadogo vidonge vya chuma na foliki asidi kila siku bila kuwapima kwanza nani ana upungufu. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 2003 kwa kuwa waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, na malaria ilikuwa imeenea. Mtoto aliyepimwa na kuandikiwa chuma na daktari anywe dawa yake. Waliokuwa na upungufu kweli walionekana kufaidika. Ninachotaka kusema ni kwamba chakula huleta kidogo kidogo, na huo upole una thamani yake. Maharage yaliyoongezwa chuma yapo, ila sisi maharage tunanunua kutoka Bara, hivyo hiyo ni habari ya soko zaidi kuliko ya jembe. Mchele nao mwingi hutoka nje. Kilichomo mikononi mwa mkulima wetu ni kiazi na muhogo.

Sasa jikoni, ambako tumebahatika. Beta-karotini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kiazi cha kuchemsha kinacholiwa na chai kavu hupita tumboni na sehemu nzuri ya faida yake bila kufyonzwa. Kipike futari kwa tui, kama tunavyofanya Ramadhani, na shida hiyo imekwisha. Sehemu nyingine hulazimika kuwafundisha watu kutia mafuta. Huku bibi zetu walishamaliza somo. Mtoto anayeanza kula, mpondee kiazi na vijiko viwili vya tui zito. Chemsha na maganda, sufuria ifunikwe. Kukata vipande na kuvianika juani sikushauri, maana jua na hewa huila rangi, na kukaa miezi ghalani huimaliza.

Ladha? Wazee wanataka kiazi cha unga, kikavu, kinachokaba kooni mpaka utafute maji. Viazi lishe vya mwanzo vilikuwa na majimaji. Aina za karibuni zina unga zaidi, lakini bado mzee atanung'unika. Mimi sibishani naye. Abaki na matuta yake ya cheupe, na matuta machache yawe ya watoto, ambao ulaini huo ndio wanaoupenda.

Kinachonikosesha usingizi ni mbegu. Kiangazi cha Januari na Februari hukausha marando, yale mashina yatambaayo tunayoyakata kupandia, na masika yakiingia familia iliyopanda viazi lishe mwaka jana inarudi kwenye cheupe kwa sababu ndicho kilichosalia. Wenye bonde lenye unyevu hunusurika. Wa Micheweni kwenye ardhi ya mawe hawana bonde.

Kwao naelekeza njia ya mchanga. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo visivyo na tundu la fukusi, kutoka kwenye mashina ambayo majani yake hayakujikunja wala kuwa na mabaka. Vipange kwenye beseni kwa tabaka, mchanga mkavu kisha viazi kisha mchanga, visigusane, uviweke ndani penye kivuli. Usitumie mchanga wa pwani wenye chumvi. Pitia mara moja moja kutoa vilivyooza. Kuanzia katikati ya Januari, wiki sita hadi nane kabla ya mvua, uvipande kwenye kitalu karibu na kisima vitoe marando, mwagilia, na zungushia wigo wa makuti, maana mbuzi hupenda machipukizi hayo kuliko watoto wanavyopenda kiazi.